Kisanduku cha Dereva wa Kawaida

Kabla sijaona kitu nilisikia chuma kikiburutwa barabarani. Pazia la chuma la ofisi lilikuwa bado chini, nami nilikuwa ndani nikipapasa ukuta kutafuta swichi ya taa. Krrrr, kimya, kisha krrrr tena, sauti ikipanda barabara kutoka upande wa kituo cha treni cha Gare du Midi. Ukikaa miaka mingi katika ofisi ya bima unapata masikio ya fundi. Nilijua ile ni bampa ya mbele, imechomoka upande mmoja, na mwenye gari anaendesha polepole kwa sababu anaona aibu. Gari likazimwa mbele ya mlango wetu. Nilipopandisha pazia vilitangulia viatu vyeupe vya kazi, halafu sketi ya buluu, halafu mkono ulioshika kipande cha kitenge kilichokatika, na mwisho uso wa maman Mapendo.

"Maman Zaina," aliniambia, "nilifunga bampa na kitenge, lakini kitenge imekatika pale kwa feu rouge, kwa taa za barabarani. Batu bote walikuwa bananiangalia."

Nawaandikia nyinyi mliopata leseni juzijuzi, mnaonipigia simu kuniuliza kwa nini bima ya kigari cha mtumba inakaribia bei ya kigari chenyewe. Mnaniuliza kana kwamba najua. Nilifanya kazi hiyo miaka ishirini na saba, katika ofisi ya dalali wa bima pale mtaa wa Saint-Gilles, hapa Ubelgiji, chumba cha chini cha nyumba ya zamani iliyogawanywa kuwa fleti, na nilistaafu nikiwa bado sielewi mambo kadhaa. Nitawaambia ninayoyajua. Yale nisiyoyajua nayo nitawaambia, maana ndiyo mengi.

Dalali si kampuni ya bima. Kampuni ndiyo inayolipa ajali. Dalali anakaa katikati, anakutafutia bei na kukujazia fomu, na mambo yakiharibika pande zote mbili zinamlaumu. Dalali wetu aliitwa Luc, Mbelgiji mrefu aliyekula mkate wake wa mchana akiwa amesimama dirishani. Aliniajiri kwa sababu wateja wa Kivu na wa Burundi walikuwa wengi mtaani, na mimi, mzaliwa wa Buyenzi kule Bujumbura, niliweza kusema nao. Alinifundisha kazi kwa maneno machache. Siku ya kwanza alinipa fomu tupu akasema: "Usiandike jibu ambalo hukuulizia. Kama hukuuliza, acha kisanduku kitupu, kisha uulize." Nilidhani ananidharau. Nani asiyejua hilo?

Jambo la kwanza la kushika ni hili. Bima ambayo sheria inailazimisha ni moja tu, ile inayolipa madhara unayowafanyia wengine. Gari lako mwenyewe halimo. Ukiligonga mtini ni wewe na mti wako, isipokuwa umelipia bima kubwa. Nimewaeleza hivyo watu wenye digrii mbili, wakaitikia vizuri, kisha wakarudi na gari lililopondeka wakitaka kujua hundi itafika lini.

Jambo la pili ni bei, na hapa ndipo kichwa changu huanza kuzunguka. Kampuni inatazama umri wako, miaka ya leseni yako, nguvu ya injini, ajali ulizopata, na mahali unapolala. Ukihama Saint-Gilles ukaenda kukaa kijijini kule Ardennes na gari lilelile, bei inaweza kushuka. Nilimwuliza Luc inawezekanaje, na kule kulungu wanaruka barabarani. Alitafuna mkate wake kwanza, akasema: "Kulungu hadai fidia."

Zamani kulikuwa na ngazi moja ya bei, iliyowekwa na sheria kwa kampuni zote. Uliwekwa katikati, mwaka bila ajali unashuka kidogo, ajali moja unapandishwa sana. Kushuka ndiko kulikuwa kuzuri, na hilo peke yake lilinichukua mwezi mzima kuwaeleza wateja wazee waliotoka Buyenzi. Nilipokwisha kuijua ngazi ile kwa moyo, sheria ikabadilishwa na kila kampuni ikajitengenezea ngazi yake. Niliendelea kuchora ngazi ya zamani kwenye karatasi za wateja kwa miaka, kwa sababu walau ilikuwa na umbo.

Na namba ya gari? Hapa Ubelgiji namba inamfuata mtu, haifuati gari. Mzee mmoja wa Bujumbura aliuza gari lake akaona ni ukosefu wa adabu kumpa mnunuzi gari lililo uchi, akamwachia na namba. Kwa miezi kadhaa alipokea faini za mwendo kasi kutoka Antwerp, mji ambao hajawahi kuukanyaga. Alizileta ofisini zimepangwa vizuri ndani ya bahasha. "Zaina," aliniuliza, "huyu kijana anakimbilia wapi?"

Lakini nilikuwa kwa maman Mapendo.

Kazi yake ilikuwa kuwatunza wazee majumbani mwao, wale wanaoishi katika vijiji vya nje ya barabara kuu inayouzunguka mji, ambako basi hupita asubuhi na jioni, basi. Bila gari hakuna kazi. Mkataba wake wa kazi ulisema hivyo wazi. Jioni ya jana yake, akitoka kwa mgonjwa wa mwisho, alikata kulia katika mtaa mmoja wa Uccle na mama mmoja wa baiskeli akaanguka mbele ya gari lake. Mkono wa mama huyo ulivunjika. Polisi walikuja, wakapima, wakaandika.

"Niliona velo," aliniambia, akiwa bado hajakaa. "Niliona, maman Zaina. Nilifikiri yeye njo ananingoja. Na yeye alifikiri mimi njo namungoja."

Nilimwambia asiogope juu ya yule mama. Katika nchi hii anayetembea kwa miguu au kwa baiskeli analindwa sana. Kampuni ya bima ya gari inamlipa matibabu yake hata kabla watu hawajamaliza kubishana kosa ni la nani. Nilimwambia hayo huku nikifungua faili lake kwenye kompyuta, kisha nikasoma. Mwenye mkataba: papa Anselme. Dereva wa kawaida: papa Anselme. Aliyejaza fomu: mimi.

Ngoja niwaeleze papa Anselme ni nani. Alikuwa mzee wa kanisa lao, mtu wa Bukavu, fundi umeme aliyekwisha kustaafu. Maman Mapendo aliposhuka kwenye treni pale Gare du Midi miaka mingi nyuma, na binti mdogo mgongoni, aliyempokea ni papa Anselme. Hawakuwa ndugu. Lakini tangu siku hiyo kila ofisi aliyoingia mama yule, papa aliingia kwanza. Kwenye ofisi ya komuni, yaani serikali ya mtaa, kwa daktari, shuleni kwa mtoto, kila mahali papa aliketi kwenye kiti cha mbele na kusema, na Mapendo aliketi kando. Kwa watu wetu hakuna aliyeona ajabu. Ndivyo mtu anavyosindikizwa.

Siku ya kununua bima walikuja hivyohivyo. Papa mbele yangu, Mapendo pembeni karibu na kabati, funguo za gari mkononi. Nilifika kwenye kisanduku cha dereva wa kawaida, yaani mtu anayelishika gari siku nyingi kuliko wengine. Nikamwuliza papa, kwa sababu ndiye aliyekuwa amekaa mbele yangu.

"Papa, gari itaendeshwa na nani?"

"Na sisi," alisema. "Ni gari ya famille."

"Niandike jina gani?"

"Si yangu iko apo juu? Endelea tu na ile."

Nikaandika Anselme. Kompyuta ikatoa bei, na bei ilikuwa nzuri, kwa kuwa papa alikuwa ameendesha miaka thelathini bila kugonga hata kopo. Ningeandika Mapendo ingekuwa karibu mara tatu. Mama yule alikuwa ameendesha miaka kumi kule Bukavu, kwenye matope na mashimo, lakini hakuwa na karatasi ya kampuni yoyote ya kule, na kwa kompyuta alikuwa amezaliwa jana. Bei ilipotokea tulifurahi wote watatu. Hilo nalikumbuka sana. Hatukukonyezana, hatukupanga. Tulifurahi tu.

Sasa, mtu mwingine akiendesha gari lako mara moja moja, bima haina neno. Lakini kampuni iliisoma ripoti ya polisi, ikauliza mwajiri wa Mapendo, ikaona gari linakwenda na kurudi naye kila siku. Ikatuandikia kwamba itamtuma mkaguzi. Swali lilikuwa moja: wale waliosema dereva ni Anselme, walikosea au walikusudia? Ikiwa ni kukosea, kampuni ingemlipa mama wa baiskeli na kudai kiasi kidogo tu, halafu mkataba urekebishwe. Ikiwa ni kukusudia, ingelipa, kisha igeuke na kumdai papa Anselme fedha zote za ule mkono hadi senti ya mwisho, na ivunje mkataba. Na ukisha kuvunjiwa mkataba kwa udanganyifu, kampuni nyingine zinakutazama kama mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Papa angepoteza akiba ya uzeeni. Mapendo angepoteza gari, na pamoja na gari, kazi.

Nilimpa Luc ile barua. Alisoma, akaacha mkate wake dirishani.

"Ulimwuliza nani?"

"Nilimwuliza papa."

"Kwa nini hukumwuliza yeye?"

"Kwa sababu papa alikuwa amekaa pale."

Kwangu lilikuwa jibu kamili. Nikamwona Luc akingoja jibu lingine. Nilijaribu kumweleza kwa Kifaransa kwamba ukimruka mzee ukamwuliza aliyekaa nyuma yake, umewatukana wote wawili, lakini kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoanza kujisikia kama mtu anayetafuta kisingizio. Labda nilikuwa nakitafuta. Mpaka leo sijui adabu iliishia wapi na ile bei nzuri ilianzia wapi.

"Mkaguzi akikuuliza," Luc alisema, "mwambie hivyohivyo."

"Na ofisi?"

Ofisi ya dalali inafanya kazi kwa kibali, na kibali kinaweza kuondolewa. Alirudi dirishani akasimama na mgongo wake kwangu.

Siku mbili kabla ya mkaguzi, papa Anselme alikuja peke yake. Alivua kofia, akauliza habari za mume wangu, za magoti yangu, za wajukuu mmoja mmoja. Kisha akasogeza kiti.

"Maman Zaina, ule muntu akikuja, muniachie mimi niseme. Nitamwambia mimi njo naendesha siku zote. Ile siku moja tu nilikuwa mugonjwa, mutoto wangu Mapendo akanisaidia."

"Papa, mara ya mwisho ulishika usukani lini?"

"Ni macho tu njo inanisumbua."

"Lini, papa?"

Alifikiri. "Wakati Mapendo alikuwa bado hana permis, leseni ya hapa."

"Hiyo ni miaka minne."

"Donc siyo zamani sana," alisema, na wote wawili tukacheka, ingawa hakuna aliyefurahi.

Nilimweleza, kwa utaratibu, kwamba uongo wa sasa ndio ungeigeuza fomu ile kuwa uongo. Wakimkamata na neno moja la ugonjwa, hakuna atakayeamini kwamba siku ile hatukukusudia. Alinisikiliza akipapasa ukingo wa kofia yake.

"Bon. Kwa hiyo kama nanyamaza, namusaidia?"

"Ndiyo, papa."

"Hiyo asiransi yenu, hiyo bima, ni kitu ya ajabu," alisema. "Tangu nilimupokea, namusaidia kwa kusema."

Nyinyi mnaoanza kazi hizi za ofisi mtakutana na sheria ambayo ni sahihi na mtu ambaye ni sahihi, na hamtajua muwaweke wapi. Mimi niliwaweka kwenye faili moja.

Mkaguzi alikuwa kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri na kompyuta ndogo. Alikuwa mpole, na hilo lilinitisha zaidi. Alitukalisha pamoja, papa, Mapendo na mimi. Luc alisimama mlangoni mwa chumba cha ndani. Kijana akauliza kwa Kifaransa, akimtazama Mapendo: kwa kawaida, nani anaendesha gari hili?

Papa Anselme akavuta pumzi. Nilimjua. Mdomo wake ulikuwa umekwisha kufunguka kabla hajakumbuka ahadi yake.

"Alors, monsieur," alianza, "hii gari, mimi..."

"Papa, unisamehe," nikasema. "Swali ni la maman Mapendo."

Sijawahi kumkata mzee maneno, kabla ya siku ile wala baada yake. Mapendo alimtazama papa, akangoja. Papa alitazama kofia yake. Mapendo akangoja tena, muda ambao mkaguzi hakuuelewa hata kidogo, kisha akasema polepole: "Ni mimi. Tangu siku ya kwanza."

Kijana akaandika. Akanigeukia. Nikamweleza kama nilivyowaeleza nyinyi: nani alikaa wapi, nilimwuliza nani, alijibu nini.

"Na wewe ulimjua dereva ni nani?"

"Funguo zilikuwa mkononi mwake," nikasema. "Niliziona."

Luc alijikohoza. Mkaguzi akaacha kuandika.

"Kwa hiyo ulijua."

"Niliziona funguo. Sijui kama nilijua."

Aliigeuza kompyuta kidogo, bila kukusudia nadhani, na nikaona fomu yake. Ilikuwa na visanduku viwili: kwa makusudi, bila makusudi. Alivitazama muda mrefu. Akamwuliza papa kwa nini alisema gari ni la kwao wakati yeye haendeshi. Papa akajibu kwa Kifaransa chake cha ufundi, akitaja kila kitu kwa jina: treni, mtoto mgongoni, baridi ya siku ile, chumba alichompa. Alimalizia kwa Kiswahili, akinitazama mimi nimtafsirie.

"Mwambie, mutoto ukimupokea, na shida yake umepokea. Hatukugawanya. Tungeanza kugawanya kwa gari?"

Nikatafsiri. Sina hakika nilitafsiri vizuri. Kijana alifunga kompyuta bila kubonyeza chochote tulichokiona, akatupa mkono mmoja mmoja, akaenda zake kuelekea Schuman ambako walikuwa na ofisi zao.

Tulingoja wiki tatu. Kila asubuhi Mapendo aliegesha mbele ya dirisha letu, bampa sasa imefungwa na waya, akanitazama kupitia kioo bila kushuka, nami nikatikisa kichwa kumwambia bado, akaenda kwa wazee wake. Mkataba ulikuwa bado hai. Kila siku moja ilikuwa siku moja ya mshahara. Luc naye alianza kula mkate wake akiwa amekaa, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Barua ilikuwa na ukurasa mmoja. Bila makusudi. Mama wa baiskeli atalipwa, papa atadaiwa kiasi kile kidogo kinachoruhusiwa, ofisi yetu inaonywa, na mkataba mpya uandikwe kwa jina la anayeendesha, kwa bei yake. Sababu haikuandikwa. Luc aliisoma mara mbili, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu. Nami nimeifikiria barua ile miaka yote hii. Ni ule ukweli wangu wa funguo uliotuokoa, au yule kijana aliamua kutousikia? Kama mnataka kujifunza kitu kwangu, jifunzeni kuuliza kila swali kwa mwenye jibu, mkimtazama yeye. Lakini msidhani mkifanya hivyo mmemaliza.

Kwa maana walikuja wote wawili kutia sahihi. Papa Anselme aliketi mbele yangu kama siku zote. Nami nikaigeuza skrini ikamwelekea Mapendo, nikamvutia kiti kando ya papa, na nikaanza.

"Leseni ulipata mwaka gani, maman Mapendo?"

Papa akautaja mwaka. Nilingoja, vidole juu ya herufi, hadi Mapendo alipoutaja mwenyewe.

"Kwa mwaka unakwenda kilomita ngapi?"

"Hata quinze mille," alisema papa, yaani elfu kumi na tano. Nikangoja. Mapendo akasema ni zaidi, ni karibu elfu ishirini, maana kuna mzee mpya kule Halle. Papa akamgeukia. Hakuwa na habari za mzee wa Halle.

Swali la tatu papa hakulijibu. La nne pia.

"Donc mimi hapa niko témoin tu," alisema.

"Hata shahidi hahitajiki, papa," nikasema. Nilikuwa nataniana naye, kama tulivyozoea. Hakucheka.

Nilimwambia Mapendo bei. Ilikuwa kubwa, na aliirudia kwa Kifaransa chini ya pumzi, kisha akaitikia kwa kichwa. Angeweza. Kwa shida, lakini angeweza. Na gari, kuanzia kesho, lilikuwa na jina lake kila mahali. Nikasukuma karatasi mbele yake. Papa Anselme akasimama, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja hadi shingoni.

"Papa, ngoja nitie sahihi, nikupeleke," Mapendo alisema.

"Hapana, mwanangu. Naenda na miguu. Hapa si mbali."

Alimuaga Luc. Alinipa mkono, na mkono wa pili akauweka juu ya wangu, akaniambia nisalimie nyumbani. Mapendo alikuwa ameinuka nusu, kalamu mkononi, hajui amfuate au akae. Alinitazama mimi, na kwa mara nyingine alidhani najua. Kisha akakaa, akavuta karatasi karibu, akaanza kuandika jina lake taratibu, na nyuma ya papa Anselme mlango ukafungwa.